Pazia la Matroni

Jumatatu, 4 Machi

Nimehamia leo. Kwa kuwa nasoma upimaji ardhi, chumba nimekipima kabla ya kukifagia: hatua tano kwa hatua nne, ghorofa ya kwanza, dirisha moja. Kutoka dirisha hilo mpaka dirisha la nyumba ya ng'ambo ya uchochoro ni mita nne na nusu. Mita nne na nusu! Nikipiga chafya huku, wao wanajifuta kule.

Dalali alinikabidhi kwa Mama Mwenye Nyumba akaondoka mbio kama aliyetupa mzigo. Mama Mwenye Nyumba anaishi chini. Mnene, mpole, ana funguo nyingi kwenye misumari nyuma ya mlango wake, nyingine zina vibandiko vya nyumba ambazo si zake. Niliziona na nikanyamaza.

"Sharti letu hapa ni moja, binti," aliniambia. "Ukiamka, fungua pazia."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyoishi."

Mh. Sharti lisilo na sababu lina sababu isiyosemwa. Shangazi yangu, aliyenilea, aliniambia kituoni siku naondoka nchini kwetu: "Ugenini mtu akikuuliza habari zako, jiulize anazipeleka wapi." Nimelala na pazia limefungwa.

Jumanne, 5 Machi

Kuna bibi kwenye dirisha la mbele. Ananitazama.

Jumatano, 6 Machi

Bado ananitazama.

Ijumaa, 8 Machi

Kinyozi wa kwenye kona amenisalimia kwa kutaja nchi nilikotoka. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote hapa.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Begi lako lina kibandiko, Mgeni," akasema, wembe mkononi, na mteja wake akacheka na povu mdomoni. "Au ulitaka tupige ramli?"

Nimekibandua kibandiko. Sasa kuna alama ya gundi, na bado wananiita Mgeni.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda popote. Saa mbili na nusu asubuhi mlango uligongwa. Mama Mwenye Nyumba.

"U mzima?"

"Mzima."

"Haya." Akashuka zake.

Huo ulikuwa ugeni gani wa kuja na neno moja? Nilifungua pazia kidogo. Bibi wa mbele alikuwa amesimama pale pale, na akanipungia mkono kama mtu aliyepata alichotaka.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata kazi. Naandika kwa herufi ndogo kwa sababu kibali changu cha kuishi kimepigwa mhuri mwekundu: HARUHUSIWI KUFANYA KAZI. Lakini bila kazi sili, na asiyekula hapimi ardhi, anapimiwa yake. Dobi wa barabara kuu anafua mashuka na sare za wahudumu wa nyumba za wageni. Nitapiga pasi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, nirudi kubadili nguo, niwahi darasa la saa tatu. Dobi hataki maneno mengi. "Ukichelewa dakika tano nafunga mlango," ndiyo mahojiano yote.

Kibali kinaisha tarehe 31 Mei. Mtu mmoja akifungua mdomo wake, safari yangu imeishia hapo, na Shangazi aliyeuza shamba la mama yake ili nisome atanipokea kituoni na begi lile lile lenye gundi. Kwa hiyo hapa mtaani simjui mtu, na mtu asinijue.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefanya jaribio, maana nasomea vipimo wala si umbea. Jumatatu na Jumanne niliacha pazia limefungwa. Nilirudi kutoka kwa Dobi nikamkuta Mama Mwenye Nyumba kwenye ngazi, "Nimegonga weee, nikaogopa." Jumatano na leo nimelifungua kabla ya kutoka: hakuna aliyegonga. Matokeo: bibi anatazama, bibi anapeleka habari, Mama Mwenye Nyumba anatumwa. Wana mtandao wao.

Kuanzia sasa naamka, nafungua pazia gizani, natoka. Waache wadhani nipo ndani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeambiwa bibi yule anaitwa Matroni. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka thelathini. Loo! Hata kustaafu hajastaafu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua zimeanza. Taa pekee ya uchochoroni imekufa.

Jumatano, 20 Machi

Nimegundua jambo la kunikosesha raha. Nikitoka mlangoni saa kumi na mbili kasoro robo, taa ya dirishani kwa Matroni inawaka. Si kabla, si baada. Jana hivyo, leo hivyo. Nikifika mwisho wa uchochoro, inazimika. Maana yake ananivizia. Anajua saa ninayotoka, na mtu haendi darasani saa hiyo.

Nikirudi saa mbili na robo anakuwa ameshakamua tambara lake la buluu la jikoni na kulitundika kwenye msumari nje ya dirisha. Mvua inyeshe, isinyeshe. Nani anaanika tambara kwenye mvua? Ni kisingizio cha kusimama dirishani tu. Nitakuwa naandika. Akinichunguza nami namchunguza, ngoma droo.

Alhamisi, 21 Machi

Taa. Tambara saa mbili.

Ijumaa, 22 Machi

Taa. Tambara. Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Taa. Tambara. Amenipungia mkono. Sikuinua wangu.

Ijumaa, 29 Machi

Nilikwenda kuanua nguo nikiwa nimechelewa, mvua ilishapiga, na nikakuta kamba tupu. Nikasema basi, sasa wameanza kuiba. Jioni nikazikuta zimekunjwa kwenye kiti nje ya mlango wangu, hata kila soksi imeunganishwa na mwenzake. Matroni, anasema Mama Mwenye Nyumba, alizianua na mvua ikimnyeshea. Nimezikung'uta moja moja nione kama mfukoni palikuwa na karatasi ya Dobi yenye hesabu ya malipo yangu. Ilikuwapo, imelowa, imekunjwa vizuri mara nne. Ina maana ameisoma.

Sikulala.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimepeleka fomu ya kuongeza kibali kwa Mjumbe wa mtaa. Kwa kazi yake ni fundi saa. Kibanda chake kimejaa saa za ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana. Fomu inataka mhuri wake na maelezo ya majirani wawili.

"Majirani gani unapendelea?" akaniuliza, kioo kidogo kimemkaa jichoni.

"Sina."

"Kila mtu ana jirani, binti. Hata asiyemtaka."

Akaitia fomu kwenye droo ya saa zilizokufa. Sikupenda ile droo.

Jumatano, 10 Aprili

Leo asubuhi Matroni alifungua dirisha nilipokuwa narudi akaniita, "Mgeni! Mikono yako ina malengelenge. Pasi hiyo, ee? Pakaa mafuta."

Pasi! Alitamka neno lenyewe, kwa sauti, juu ya uchochoro mzima, na Kinyozi amesimama mlangoni kwake. Nilipanda ngazi, nikaketi, nikafikiri kama mtu anayefukuzwa. Akitangulia kunishtaki, nimekwisha. Nikitangulia mimi, lolote atakalosema litaonekana chuki.

Nikaandika barua. Nzuri, ya kisomi. Kwamba jirani wa dirisha la mbele ananichungulia usiku na mchana, anagusa nguo zangu, ananinyima faragha, na kwamba naomba aamriwe kufunga pazia lake. Nikampelekea Mjumbe. Aliisoma mara mbili.

"Umezungumza naye?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Mzee, mimi ni mgeni hapa. Sitaki ugomvi."

"Hutaki ugomvi, umeniletea barua." Akavua kile kioo, akalifikicha jicho. "Sawa. Ni haki yako. Nitamwambia."

Alhamisi, 11 Aprili

Pazia la Matroni limefungwa. La kijani, zito, sijawahi kuliona likiwa limefungwa. Nimekula kwa raha mara ya kwanza tangu nihamie.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna taa. Hakuna macho. Uchochoro giza totoro. Nimekanyaga dimbwi mpaka gotini, nikafika kwa Dobi nachuruzika. Lakini nimechuruzika peke yangu, bila shahidi.

Tambara lilikuwapo saa mbili. Unatokea mkono tu pembeni ya pazia, linatundikwa, mkono unarudi.

Jumatatu, 15 Aprili

Kinyozi hanitanii tena. Nilipompita alikuwa anamwambia mteja, nami nisikie: "Macho hayana pazia, bwana. Anayeona vibaya hata gizani ataona vibaya." Mteja hakucheka safari hii.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeanguka uchochoroni. Kiwiko. Tambara lipo.

Alhamisi, 18 Aprili

Mtu ameweka ubao juu ya dimbwi. Sijui nani. Nimeupita kwa tahadhari nikidhani umelegezwa makusudi. Haukuwa umelegezwa.

Jumatano, 24 Aprili

Kwa Mjumbe. "Fomu yangu?" "Bado." Saa zote mle ndani zikagonga, kila moja wakati wake.

Ijumaa, 3 Mei

"Fomu?" "Bado, binti." Wanaikalia. Wamekaa wakapanga: ngoja muda uishe tumwone atakwenda wapi. Mama Mwenye Nyumba ananisalimia vizuri ila macho yake yako kwenye ndoo aliyobeba. Kila siku alasiri namwona anavuka kwenda kwa Matroni, anakaa robo saa, anarudi. Wanaongea nini?

Tambara.

Jumatatu, 6 Mei

Tambara. Mvua ya wiki ya saba. Ukuta wangu umeota ukungu. Nimegundua kwamba nikirudi kitu cha kwanza ninachoangalia ni ule msumari. Mazoea tu.

Alhamisi, 9 Mei

Tambara.

Jumatatu, 13 Mei

Tambara. Leo hakuna kingine. Hakuna aliyezungumza nami tangu juzi isipokuwa Dobi, na yeye alisema "kola."

Alhamisi, 16 Mei

Nitaandika yote, kwa utaratibu, kama ripoti ya uwanjani.

Saa kumi na mbili kasoro robo nilitoka. Mvua ilikuwa inamwagwa, si inanyesha. Nilipoukaribia ubao, mlango wa chini wa nyumba ya mbele ulifunguka na mwanga wa tochi ukaanguka miguuni pangu. Alikuwa Matroni, amejitanda khanga kichwani, miguu pekupeku kizingitini.

"Pita kulia," akasema. "Ubao unateleza."

Nilipita kulia. Sikusema asante. Nilisema moyoni: hata baada ya kufungiwa pazia mwanamke huyu hakomi, sasa amehamia mlangoni. Nilikasirika njia nzima.

Saa mbili na robo nilirudi. Msumari ulikuwa mtupu.

Nikasema, shauri yake. Nikapanda, nikavua nguo zinazonuka wanga wa pasi, nikavaa za darasani. Nikachungulia. Mtupu. Nikajiambia amechoka kuigiza. Nikavaa kiatu kimoja. Redio yake ilikuwa inaongea. Redio hiyo yeye huizima taarifa ya habari ikiisha, na taarifa ilikuwa imeisha zamani, yalikuwa yanapigwa matangazo ya sabuni. Nikafungua shajara hii nikahesabu. Tangu tarehe 20 Machi sijaandika siku hata moja ya kazi kwamba tambara halipo. Mvua, jua, siku ya pili tu baada ya barua yangu: tambara. Mtu asiyekosa siku hata moja hakosi kwa uvivu.

Nilishuka na kiatu kimoja.

Nikabisha hodi kwake. Kimya. Nikabisha kwa ngumi. Nikamwita Mama Mwenye Nyumba, akatoka na unga mikononi, nikamwambia tambara halipo. Hakuniuliza tambara gani. Aligeuka, akachomoa ufunguo kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango, mmoja wa zile zenye vibandiko, akavuka uchochoro akikimbia, mwanamke yule mzito, na mimi nyuma yake.

Alikuwa sakafuni jikoni. Tambara la buluu lilikuwa mkononi, halijakamuliwa. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka, na alikuwa macho. Akanitazama. Ee Mungu wangu, alinitazama, na mimi ndiye niliyeandika barua kwamba asinitazame.

Kinyozi alimbeba mgongoni ngazi zote. Mjumbe alisimamisha pikapu ya muuza mitungi ya gesi. Tukapanda nyuma pamoja na mitungi, Mama Mwenye Nyumba amemshika kichwa, mimi nimemshika mkono wenye tambara kwa sababu hakutaka kuliachia.

Hospitalini daktari, dada kijana mwenye haraka, alituuliza jambo moja tu. "Mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi? Nataka saa, sitaki makisio. Ni damu imeganda kichwani. Kuna dawa ya kuiyeyusha lakini ina muda wake. Muda ukipita, dawa yenyewe inaweza kumuua."

Mama Mwenye Nyumba akasema, "Mimi nilimwona jana alasiri."

"Jana?" Daktari akashusha kalamu. "Basi mama, kama ni jana siwezi kuthubutu."

Mjumbe alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi, inadondosha maji. Fomu yangu ilikuwa kwenye droo yake. Nilijua vizuri sana nini kitatoka kinywani mwangu na nani atakisikia. Nilimfikiria Shangazi kituoni. Sitajisifu kwamba sikusita. Nilisita kama pumzi mbili.

"Leo," nikasema. "Saa kumi na mbili kasoro robo."

"Una uhakika?"

"Alizungumza nami. Alisema 'pita kulia, ubao unateleza.' Maneno yalikuwa safi na alishika tochi kwa mkono wa kulia bila kutetemeka."

"Na saa umeijuaje?"

"Kwa sababu ndiyo saa ninayotoka kila siku kwenda kazini. Kwa Dobi. Nikichelewa dakika tano anafunga mlango."

Daktari akatazama saa ya ukutani, akahesabu midomoni, akaanza kukimbia. "Picha ya kichwa, sasa hivi! Tuko ndani ya muda!"

Mjumbe alivaa kofia yake iliyolowa, akatoka nje.

Ijumaa, 17 Mei

Wamempa dawa jana kabla ya saa nne. Anaishi. Mkono wa kulia hauinuki, maneno hayajarudi.

Nimekaa jikoni kwa Mama Mwenye Nyumba na nimeambiwa yote. Naandika alivyosema, maana nastahili kuyasoma tena.

"Chumbani mwako, wapangaji watatu kabla yako, alikaa fundi cherehani. Mtu wa peke yake, mkimya. Pazia lake likafungwa siku nne tukasema amesafiri. Hakuwa amesafiri, mwanangu. Toka siku hiyo tukawekeana: kila dirisha lina mwenzake, lile linaloelekeana nalo. Mwenzako akiamka anafungua pazia, unajua kaamka. Asipofungua, unapaza sauti tunagonga. Na funguo za akiba nakaa nazo mimi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Dalali hakukwambia?"

"Dalali aliniambia bafu lina maji."

Akapiga paja. "Ebo! Yeye alidhani nitakwambia mimi, mimi nikajua kakwambia yeye! Na ulipoanza kufungua pazia alfajiri, sote tukasema, ahaa, ameshaelewa."

Nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua tayari. "Na mwenzake Matroni ni nani?"

Alikuna unga uliokauka kidoleni. "Dirisha lake linaelekeana na lako. Wewe ndiye uliyekuwa wa kumtazama."

Kisha akaongeza, bila ubaya: "Pazia likafungwa kwa amri, nani angegonga? Ndiyo nikawa napita alasiri. Jana ningepita alasiri."

"Na ile taa ya alfajiri?"

"Taa ya uchochoro ilikuwa imekufa, wewe unapita gizani. Alikuwa anaamka kukuwashia, halafu anarudi kulala. Ulipomfungisha pazia, akasema mwanga haupiti kwenye kitambaa kile. Akaomba ubao kwa seremala."

Nililia pale pale mezani, kwa sauti, kama mtoto. Mama Mwenye Nyumba aliendelea kukanda.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemwaga Dobi. Au Dobi kanimwaga, sikwenda siku mbili. Nilikwenda hospitali. Matroni alinitazama muda mrefu, nikamwambia maneno niliyoyapanga, nikayasahau nusu, nikamwomba radhi kwa yaliyobaki. Alifumba macho. Sijui kama ni msamaha au ni usingizi.

Alhamisi, 23 Mei

Siku nane zimebaki. Siulizi fomu. Nimeanza kufunga begi.

Jumatatu, 27 Mei

Mjumbe ameniita kibandani. Alikuwa anafungua saa ya mkono, akaniacha nisubiri mpaka gurudumu moja dogo likakaa mahali pake. Kisha akatoa fomu, imepigwa mhuri, imesainiwa.

"Mzee," nikasema, "wewe ulisikia nilichosema hospitali."

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Fomu inaniuliza kama unaishi hapa na kama majirani wanakujua. Mengine waulize wanaolipwa kuuliza. Ila pasi ile uiache kweli, usinitie aibu. Mke wa Kinyozi ana watoto wanaofeli hesabu. Watakulisha chakula cha jioni." Akanisogezea karatasi. "Aliyechelewesha ni Kinyozi. Alikukasirikia. Amesaini siku ile ya hospitali, soma tarehe."

Nikasoma. Kinyozi: 16 Mei. *Anajulikana.* Herufi kubwa mbaya.

Juu yake palikuwa na jirani wa kwanza, mwandiko ulionyooka, wa mtu aliyeandika madaftari ya bweni miaka thelathini. *Dirisha lake linaelekeana na langu. Namwona kila siku. Ni binti wa bidii, anaamka kabla yetu sote. Anastahili kubaki.*

Tarehe: 11 Aprili. Siku aliyofunga pazia.

"Nilimpelekea vyote viwili pamoja," akasema Mjumbe. "Barua yako na fomu yako. Alisoma barua kwanza. Halafu akaniomba kalamu."

Alirudi kwenye saa yake, ili asinione nikilia.

Alhamisi, 30 Mei

Ombi la kibali limepokelewa. Mvua zimekatika. Matroni karudishwa nyumbani leo alasiri, kabebwa na Kinyozi kama alivyotoka, akimpiga bega kwa mkono wa kushoto aende polepole. Maneno yamerudi, yanatoka mazito, kama mtu anaongea huku akitafuna. Nilimwandalia kitanda lakini sikupata nafasi ya kumwambia lolote. Chumba kilijaa mtaa mzima.

Ijumaa, 31 Mei

Nilifungua pazia langu saa kumi na mbili, nikaleta kiti, nikakaa kusubiri la kwake. Saa moja, limefungwa. Saa moja na nusu, limefungwa. Nikasema amechoka na safari, mwache mgonjwa alale. Saa mbili kamili, limefungwa, msumari mtupu. Nilijiambia nihesabu mpaka mia. Saa mbili na dakika kumi moyo ulinishinda. Nilishuka ngazi pekupeku, nikachukua ufunguo kwa Mama Mwenye Nyumba bila hata kusalimia, nikavuka, nikafungua huku nikimwita.

Alikuwa ameketi kitandani, amevaa, amechana nywele. Mkono mzima ulikuwa umeshika kamba ya pazia. Alikuwa amekaa nayo hivyo tangu asubuhi, anasubiri.

"Bibi! Mbona hukufungua? Umeniua kwa hofu!"

Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Nilitaka nione," akasema, neno moja moja, "kama utakuja."

Nikakaa chini sakafuni, nacheka na kulia pamoja. Akavuta kamba. Jua likaingia, na ng'ambo nikaliona dirisha langu, na kiti changu mtupu ndani yake, na jinsi mita nne na nusu zilivyo karibu ukizitazama kutoka upande huu.

"Dakika kumi umechelewa," akasema Matroni. "Nitamwandikia Mjumbe barua."

Nikainuka, nikalikamua tambara, nikalitundika.